Fuata Chaji: Mwongozo Kamili wa Athari za Elektroni na Uthabiti wa Molekuli

Muulize mwanafunzi wa kidato cha sita kwa nini asidi kloroasetiki ni kali kuliko asidi asetiki. Atajibu mbio: "Kwa sababu klorini inavuta elektroni, Mwalimu." Jibu ni sahihi, lakini halimfikishi mbali. Mpe swali la pili: kwa nini 3-nitrofenoli ni asidi dhaifu kuliko 4-nitrofenoli, ilhali kundi la nitro ni lile lile, na katika 3 liko karibu zaidi na oksijeni? Hapo kalamu inasimama. Nimefundisha mada hii kwa miaka mingi, ubaoni na mezani sebuleni, na karibu wote wanaokwama wanakwama mahali pamoja. Majina ya athari wanayajua, ila hawajaitafuta chaji ilipo.

Mwongozo huu wote ni kazi hiyo moja. Tafuta chaji, au mahali penye upungufu wa elektroni, kisha uliza ni nani anayesaidia kuubeba mzigo huo na ni nani anayeuongeza. Indaksheni, rezonansi, haipakonjugesheni na uaromatiki ni njia nne za kulijibu swali hilo.

Kabla ya kuanza

Uwe na karatasi, penseli na kifutio. Mada hii haisomwi kwa macho tu.

Namba utakayokutana nayo kila mahali humu ni pKa, kipimo cha ukali wa asidi. Kadiri pKa inavyokuwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali, na kila tofauti ya 1 ni mara 10 ya ukali. Kwa nishati, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, tofauti hiyo ya 1 ni takribani kilojuli 5.7 kwa moli. Ni kiasi kidogo sana ukikumbuka kwamba kuvunja bondi moja ya kaboni na hidrojeni katika methani kunahitaji kilojuli 439 kwa moli. Ndiyo maana badiliko dogo la mahali elektroni zilipo linatosha kuifanya asidi moja iwe kali mara mia kuliko jirani yake.

Hatua ya 1: Jua unalinganisha nini na nini

Neno "thabiti" likisimama peke yake halisemi kitu. Molekuli ni thabiti *kuliko* nyingine, maana yake ina nishati ndogo zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa athari yoyote, andika pande mbili za ulinganisho.

Swali likiwa la asidi, pande hizo ni asidi yenyewe, HA, na kinachobaki protoni ikishaondoka, A⁻. Chochote kinachoituliza A⁻ kuliko kinavyoituliza HA kinaongeza ukali. Swali likiwa la besi, angalia jozi pweke, yaani elektroni mbili zisizo kwenye bondi: iko huru kupokea protoni, au imeshughulishwa mahali pengine? Swali likiwa la mmenyuko unaopitia kabokatayoni, yaani ayoni yenye chaji chanya juu ya kaboni, linganisha kabokatayoni zenyewe, kwa sababu mmenyuko utapendelea njia inayopita kwenye ile iliyo tulivu.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni mwanafunzi kuchora asidi peke yake na kuanza kueleza. Asidi haina chaji. Chaji inazaliwa kwenye A⁻, na huko ndiko maelezo yanakoanzia.

Usichanganye pia uthabiti na uvivu wa kumenyuka. Kwenye joto na kanieneo la kawaida grafaiti ni thabiti kuliko almasi, lakini pete ya almasi haigeuki kuwa penseli, kwa sababu njia ya kufika huko ina mlima mrefu wa nishati. Mwongozo huu unahusu kina cha mabonde. Urefu wa milima tutaugusa pale tu kabokatayoni inapokuwa kwenye kilele au karibu nacho.

Hatua ya 2: Chora kila elektroni inayohusika

Chora jozi pweke zote za oksijeni, nitrojeni na halojeni. Andika chaji juu ya atomu inayoibeba, usiiache ikining'inia nje ya mabano. Hakikisha hakuna kaboni yenye bondi tano. Hatua hii inaonekana ya kitoto, nami ninawalazimisha wanafunzi wangu waifanye hata wanapokaribia mtihani. Ukisahau jozi pweke ya nitrojeni katika anilini, hutaona kamwe kwa nini anilini ni besi dhaifu.

Hatua ya 3: Chaji imekaa juu ya atomu gani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na lina vipengele vitatu.

Ukienda mkono wa kulia kwenye safu moja ya jedwali la elementi, kinachotawala ni nguvu ya atomu ya kuvuta elektroni. Kwenye kipimo cha Linus Pauling, kaboni ina 2.55, nitrojeni 3.04, oksijeni 3.44 na florini 3.98. Sasa tazama pKa: methani ni kama 50, amonia 38, maji 15.7, hidrojeni floraidi 3.2. Chaji hasi hukaa kwa raha juu ya atomu inayozitamani elektroni.

Ukishuka chini kwenye kundi moja, kanuni hiyo inapinduka. Iodini huvuta elektroni kwa nguvu ndogo kuliko florini (2.66 tu), lakini HI ni asidi kali mno huku HF ikiwa dhaifu. Hapa ukubwa ndio unaoamua. Chaji ile ile ikitandazwa juu ya ayoni kubwa ya iodaidi inatulia kuliko ikibanwa kwenye floraidi ndogo, na bondi ya H–I nayo ni rahisi zaidi kuvunjika. Kwa sababu hiyo hiyo ethanithioli, yenye salfa, ina pKa ya 10.6, wakati ethanoli yenye oksijeni ina 15.9.

Kipengele cha tatu husahaulika: aina ya obitali, yaani eneo ambamo elektroni hukaa. Elektroni zilizo kwenye obitali ya s hukaa karibu zaidi na kiini. Kaboni ya ethani ni sp³, yenye robo moja ya tabia ya s. Ya etheni ni sp², yenye theluthi. Ya ethaini ni sp, yenye nusu. pKa zinafuata mpangilio huo: 50, 44, 25. Ndiyo sababu sodiamu amaidi inaweza kuing'oa protoni ya ethaini, kwani amonia inayozaliwa ina pKa ya 38, lakini sodiamu haidroksaidi haiwezi.

Hatua ya 4: Tafuta mvuto unaopita kwenye bondi

Hii ndiyo indaksheni. Atomu yenye uchu wa elektroni huzivuta kupitia bondi za kawaida, bondi kwa bondi, na mvuto unapungua kadiri unavyosafiri. Ni kama joto la jiko la mkaa: aliyechuchumaa mbele yake anatoka jasho, aliyekaa mlangoni anaona mwanga tu.

Angalia umbali unavyofanya kazi. Asidi butanoiki ina pKa ya 4.82. Weka klorini kwenye kaboni namba 2 na pKa inaporomoka hadi 2.86. Ihamishie namba 3, inapanda hadi 4.05. Ipeleke namba 4, ni 4.52, karibu umerudi ulikotoka. Bondi mbili tu zaidi, na nguvu karibu yote imekwisha.

Idadi nayo ina neno. Asidi asetiki, ile ya siki, ni 4.76. Klorini moja inaishusha hadi 2.86, mbili hadi kama 1.3, tatu hadi kama 0.7. Ona kwamba kila klorini inayoongezeka inashusha kidogo kuliko iliyoitangulia. Athari haizidishwi kwa idadi kama bei ya nyanya sokoni, kwa sababu chaji ambayo tayari imevutwa na wawili haina mengi ya kumpa wa tatu.

Makundi yanayovuta ni pamoja na nitro, siano, halojeni, haidroksili, aloksi, kabonili na nitrojeni yenye chaji chanya. Yanayosukuma ni alkili, na yale yenye chaji hasi tayari, kama O⁻ na COO⁻. Msukumo wa alkili ni mdogo, lakini upo: asidi fomiki, ambayo jina lake linatokana na neno la Kilatini la sisimizi, ina pKa ya 3.75, badilisha hidrojeni yake kwa methili upate asidi asetiki, na ukali unapungua mara kumi.

Hatua ya 5: Tafuta njia za kuisambaza chaji

Rezonansi ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Tutakaa hapa kidogo.

Linganisha tatu hizi: ethanoli 15.9, fenoli 10.0, asidi asetiki 4.76. Zote tatu hupoteza protoni iliyoshikwa na oksijeni, na katika zote chaji huzaliwa juu ya oksijeni. Kwa hiyo Hatua ya 3 haiwezi kuzitofautisha. Chora kinachobaki. Katika ethoksaidi chaji haina pa kwenda. Katika fenoksaidi unaweza kuisogeza ndani ya pete, ikafika kwenye kaboni namba 2, 4 na 6, ukihesabu kuanzia kaboni yenye oksijeni. Katika asetati inagawanywa sawasawa kati ya oksijeni mbili. Fenoksaidi ina wabebaji wengi zaidi, lakini watatu kati yao ni kaboni, ambazo haziutaki mzigo huo. Asetati ina wawili tu, na wote ni oksijeni. Ubora wa wabebaji umeshinda wingi wao.

Sasa, chaji "hairuki" kutoka oksijeni hii kwenda ile. Michoro miwili tunayoichora na mshale wenye ncha mbili kati yake haiwakilishi vitu viwili vinavyobadilishana zamu. Fikiria chai ya maziwa. Huwezi kunywa fundo moja la maji na linalofuata la maziwa. Kila fundo ni chai ya maziwa. Kipimo kinathibitisha: katika asidi fomiki bondi moja ya kaboni na oksijeni ni fupi na nyingine ndefu, lakini katika ayoni ya fomati zote mbili ni sawa, karibu pikomita 127. Kitu ni kimoja. Mapungufu ni ya penseli zetu.

Kanuni za kuchora ni chache. Atomu hazihami, elektroni tu ndizo zinazohama. Mshale uliopinda huanzia penye elektroni, yaani kwenye jozi pweke au bondi ya pai, na hauanzii kamwe kwenye chaji chanya wala kwenye hidrojeni. Mchoro ambao kila atomu imetimiza elektroni nane una uzito kuliko ule ambao kuna atomu yenye sita. Mchoro ambao chaji hasi iko juu ya oksijeni una uzito kuliko ule ambao iko juu ya kaboni.

Rudi kwenye swali lililosimamisha kalamu. Fenoli ni 10.0, 3-nitrofenoli ni 8.4, 4-nitrofenoli ni 7.15. Chaji ya fenoksaidi, tumeona, inafika kaboni namba 2, 4 na 6. Haifiki namba 3. Nitro iliyo namba 4 inakaa pale pale chaji inapofikia, kwa hiyo inaipokea na kuipitisha hadi kwenye oksijeni zake yenyewe. Nitro iliyo namba 3 inaiona chaji ikipita upande huu na upande huu. Inavuta kwa indaksheni tu. Ukaribu haukumsaidia kwa sababu hayuko njiani. Mwanafunzi akiichora michoro hii mwenyewe mara moja, hasahau tena.

Kuna sharti moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: rezonansi inahitaji atomu zilale kwenye bapa moja, ili obitali za p zilizo wima ziweze kugusana ubavu kwa ubavu. Chukua 4-nitrofenoli uiwekee methili mbili. Ukiziweka namba 2 na 6, kando ya haidroksili, pKa inakuwa 7.2, karibu pale pale. Ukiziweka namba 3 na 5, kando ya nitro, inapanda hadi 8.2. Methili ni zile zile na idadi ni ile ile. Lakini zikiibana nitro kutoka pande zote mbili zinaisokota itoke kwenye bapa la pete, na ikishasokotwa haiwezi tena kuipokea chaji. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba rezonansi ni jambo la umbo, si la kuandika mishale tu.

Upande wa besi, mantiki ni ile ile ikigeuzwa: kadiri pKa ya ayoni iliyopokea protoni inavyokuwa kubwa, ndivyo besi inavyokuwa kali. Ayoni ya sikloheksilamini iliyopokea protoni ina pKa ya 10.6, ya anilini 4.6. Jozi pweke ya anilini imeshaanza kushiriki na pete, na kupokea protoni ni kuutoa ushirika huo. Upotevu wa ukali wa besi ni mara milioni moja.

Hata kaboni inaweza kuwa asidi ya kuridhisha ikipata wabebaji. Methani ni 50. Asetoni, ambayo chaji yake inafika kwenye oksijeni ya kabonili, ni kama 19. Asetilasetoni, yenye kabonili mbili, moja kila upande wa CH₂, ni 9. Hiyo ya mwisho ni kali kuliko fenoli.

Hatua ya 6: Hesabu hidrojeni za jirani

Kabokatayoni ina kaboni yenye obitali tupu. Bondi ya C–H iliyo kwenye kaboni ya jirani ikielekea sambamba na obitali hiyo, elektroni zake humwagikia humo kidogo. Hiyo ndiyo haipakonjugesheni. Kabokatayoni ya methili haina hidrojeni za jirani, ya ethili inazo 3, ya isopropili 6, ya tabutili 9. Na uthabiti unapanda kwa mpangilio huo huo. Idadi hii ni dira tu: inafaa kwa kulinganisha vitu vya familia moja. Usiitumie kudai kwamba isopropili inaipita benzili, ambayo haina hidrojeni hata moja ya namna hiyo lakini ina pete nzima ya kusambazia chaji.

Hapa ndipo kanuni ya Vladimir Markovnikov, iliyochapishwa mwaka 1870, inapopata maana. Propeni ikikutana na HBr, hidrojeni huenda kwenye kaboni ya pembeni ili chaji chanya ibaki katikati, palipo na majirani 6. Matokeo ni 2-bromopropani. Markovnikov aliiona kanuni kwenye mazao ya mmenyuko. Sababu yake ilieleweka baadaye kabisa. George Olah alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1994 kwa kazi yake juu ya kabokatayoni, baada ya kuzifanya zidumu kwenye asidi kali kupindukia kiasi cha kuweza kuchunguzwa zenyewe.

Radikali huru, zenye elektroni moja isiyo na mwenzi, zinafuata mkondo huo kwa upole zaidi. Nishati ya kung'oa hidrojeni ni kilojuli 439 kwa moli katika methani, 423 katika ethani, 412 kwenye kaboni ya kati ya propani, na 404 kwenye kaboni ya tatu ya isobutani. Ikiwa radikali inayobaki ni alili, ambayo ina rezonansi, ni 369 tu.

Alkeni nazo zinaonja faida hiyo. Ukiongeza hidrojeni kwenye but-1-eni linatoka joto la kilojuli 127 kwa moli, kwenye cis-but-2-eni 120, kwenye trans-but-2-eni 116. Zote zinaishia kuwa butani ile ile, kwa hiyo inayotoa joto dogo ndiyo iliyokuwa chini zaidi, yaani thabiti zaidi.

Hatua ya 7: Je, kuna pete ya aromatiki?

Masharti ni manne: pete, bapa, obitali ya p kwenye kila atomu ya pete bila kukatika, na elektroni za pai zinazolingana na 4n+2, yaani 2, 6, 10 na kuendelea. Hesabu hiyo inatokana na kazi ya Erich Hückel ya mwaka 1931.

Ukubwa wa zawadi hii unapimika. Siklohekseni hutoa kilojuli 120 kwa moli ikiongezwa hidrojeni. Benzeni ingekuwa na bondi tatu za kawaida za aina hiyo ingetoa 360. Inatoa 208. Kilojuli takribani 150 hazionekani, kwa sababu benzeni ilikuwa chini kiasi hicho tangu mwanzo. Bondi zake sita zote zina pikomita 139, katikati ya 154 ya bondi moja na 134 ya bondi mbili.

Tumia hatua hii hata pasipo na benzeni. Siklopentadieni ni haidrokaboni tupu, lakini pKa yake ni kama 16, karibu sawa na maji, kwa sababu ikipoteza protoni inabaki pete ya elektroni 6. Piridini ni besi ya wastani, pKa ya ayoni yake ikiwa 5.2, kwa kuwa jozi pweke ya nitrojeni yake imeelekea nje ya pete na haihesabiwi katika zile 6. Piroli si besi ya maana, kwa kuwa jozi pweke yake *imo* ndani ya zile 6, na kuitoa ni kuibomoa pete. Wanafunzi hukosea hapa kwa kuhesabu nitrojeni bila kuuliza jozi yake imeelekea wapi.

Hatua ya 8: Athari zikigongana

Sasa tumefika kwenye mtihani wenyewe, maana kwenye molekuli halisi athari huja kwa makundi. Kanuni ya kuanzia ni hii: rezonansi kwa kawaida huishinda indaksheni, mradi kundi liko mahali ambapo rezonansi inafika.

Methoksi ni mfano bora. Oksijeni yake inavuta kwa indaksheni na inatoa kwa rezonansi. Asidi benzoiki ina pKa ya 4.20. Methoksi ikiwa namba 4, rezonansi inafika, utoaji unashinda, na asidi inadhoofika hadi 4.47. Ikiwa namba 3, rezonansi haifiki, mvuto unabaki peke yake, na asidi inakuwa kali kidogo, 4.09. Kundi moja, tabia mbili. Louis Hammett alizigeuza tofauti hizi kuwa namba mwaka 1937: toa pKa ya asidi benzoiki yenye kundi kutoka 4.20, na unachopata ni sigma ya kundi hilo mahali hapo. Kwa methoksi ni −0.27 kwenye namba 4 na +0.11 kwenye namba 3. Ukiwa na sigma mkononi hulazimiki tena kubishana nani anavuta kuliko nani.

Halojeni kwenye pete huikiuka kanuni ya kuanzia. Obitali za klorini ni kubwa na hazigusani vizuri na za kaboni, hivyo utoaji wake ni dhaifu na mvuto unashinda: klorobenzeni humenyuka polepole kuliko benzeni. Lakini hata utoaji huo dhaifu unatosha kuamua *wapi* elektrofili, yaani kitu kinachotafuta elektroni, kitagonga, nacho kinagonga 2 na 4.

Namba 2 ni jirani wa mlango kwa mlango, na huko usiamini kanuni za elektroni peke yake. Asidi 2-methilibenzoiki ina 3.91, kali kuliko benzoiki, ingawa methili inasukuma. Msongamano unalisokota kundi la COOH na kulinyima ushirika na pete. Asidi salisiliki ni 2.97, huku ndugu yake mwenye haidroksili namba 4 akiwa 4.58, kwa sababu haidroksili ya jirani inaishika chaji ya COO⁻ kwa bondi ya hidrojeni.

Na maji yenyewe yana mkono wao. Katika maji, pKa za ayoni za amini ni: amonia 9.25, methilamini 10.6, dimethilamini 10.7, trimethilamini 9.8. Msukumo wa methili ungetaka trimethilamini iwe ya kwanza, na katika hali ya gesi ndivyo ilivyo. Ndani ya maji ayoni yake imebaki na hidrojeni moja tu ya kushikana na maji, na faida inapotea.

Zoezi: mafuta ya karafuu

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, zile za Pemba na Unguja, ni eujenoli: fenoli yenye methoksi kando ya haidroksili na mkia wa alili namba 4 kutoka haidroksili hiyo. Ifanyie kazi kwa penseli.

Je, itayeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi? Ni fenoli, pKa yake ni kama 10.2, na maji ni 15.7, ndiyo, inageuka chumvi. Kwenye magadi laini ya kupikia, yaani sodiamu baikaboneti? Asidi ya kaboni ni 6.35, kali kuliko eujenoli, kwa hiyo hapana. Mbona 10.2 na si 10.0 ya fenoli? Hakuna kundi linaloipokea chaji kwa rezonansi. Alili inasukuma kidogo, na haidroksili imeshikana na methoksi jirani kwa bondi ya hidrojeni ambayo lazima ivunjwe kwanza.

Ichemshe na besi kali ya potasiamu haidroksaidi, na inageuka isoeujenoli. Kwa nini? Protoni inatoka kwenye CH₂ iliyo kati ya pete na bondi mbili, chaji inasambaa hadi ncha ya mkia, na protoni inarudi kwenye ncha hiyo. Bondi mbili sasa imegusana na pete, na pande zake zote mbili zina kaboni. Faida ni mbili, Hatua ya 5 na Hatua ya 6, na ndiyo sababu mizani inaegemea huko. Isoeujenoli ikioksidishwa inavunjika pale penye bondi mbili na kutoa vanilini, na kwa muda mrefu vanilini ya viwandani ilitengenezwa kwa njia hii.

Mifupa ya vanilini ni ile ile ya eujenoli, ila mkia sasa ni CHO, kundi la kabonili, namba 4 kutoka haidroksili. Chora fenoksaidi yake. Chaji inafika namba 4, na hapo kabonili inaipokea hadi kwenye oksijeni yake. pKa imeshuka kutoka 10.2 hadi 7.4, zaidi ya mara 500 ya ukali.

Sasa badilishana haidroksili na methoksi mahali, upate isovanilini, ambayo CHO yake iko namba 3 kutoka haidroksili. Chora michoro yote ya fenoksaidi yake na uandike kama itakuwa kali kuliko vanilini au dhaifu, kabla hujaisoma namba: ni 8.9.